Hodi ya Tatu

Kabla sijaingia darasa la juu la Kiingereza nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kuposa. Nilikuwa na daftari la maneno makubwa niliyoyaokota moja moja kwenye kamusi ya shule, na kila nilipotumwa maji nilishuka kilima cha Kwale nikiyasema peke yangu mpaka ulimi ukauma. Wanafunzi waliotutangulia walikuwa wametuambia, "Kule juu, bwana, neno moja linajaza mstari mzima." Niliwaamini. Nilitaka kuandika vitabu, na katika miaka ile ya hamsini sikujua njia nyingine ya kuvifikia ila ile.

Siku ya kwanza aliingia mwalimu, Mwingereza mrefu mwenye shati lililopauka mgongoni kwa jua, akatutaka tuandike sentensi moja tu juu ya asubuhi ile. Nikaimwaga hazina yangu yote. Aliisoma akiwa amesimama, akatoa kalamu nyekundu, akakata maneno tisa kati ya kumi na mawili.

"Haya matatu yaliyobaki ndiyo uliyoyaona," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Mengine umeyasikia kwa watu."

Basi mtu akiniuliza leo atarajie nini katika darasa kama lile, nitamwambia atarajie kunyang'anywa. Wiki baada ya wiki tulinyang'anywa. Tulinyang'anywa maneno makubwa, tukanyang'anywa methali, tukanyang'anywa jua linalochomoza kama sinia la dhahabu. "Nani kati yenu ana sinia la dhahabu kwao?" aliuliza, na hakuna aliyeinua mkono. Nilitoka katika kila somo nikiwa mwepesi na mwenye hasira, nikauzunguka uwanja wa mpira mara tatu, mara nne, kwa sababu kukaa nilikuwa siwezi.

Tulikuwa wavulana kumi na mmoja wa mwaka wa mwisho, na chumba kilikuwa na viti sita. Wengine tulikaa sakafuni. Viti vile vilikuwa na maana yake: mwisho wa muhula mwalimu angechagua sita wa kubaki, awaandae kwa mtihani utakaowafikisha chuo kikuu. Watano wengine wangerudi darasa la kawaida, wamalize shule, wakaandike orodha za magunia katika ofisi za watu. Angechagua kwa insha moja, na kichwa cha insha alitupatia mapema ili tuiandike na kuiandika upya: "Kurudi Nyumbani."

Mimi kwetu ni Bodo, kule kwenye mikoko, mbele ya Msambweni. Niliandika jinsi ninavyofika kwa mama yangu, na sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: nilisimama nje, nikaita hodi, nikangoja. Neno hodi sikujua Kiingereza chake, nikaliacha kama lilivyo.

Mwalimu alilizungushia duara jekundu. "Huyu Hodi ni nani?"

"Shangazi yake, mwalimu!" alidakia mvulana wa kijiji cha Waa, mwana wa mwenye duka, ambaye kitanda chake bwenini kilipakana na changu na ulimi wake haukupata kupumzika. Darasa zima likacheka.

"Si mtu, mwalimu," nilisema. "Ni neno la mlangoni."

"Lina maana gani?"

Nilifikiri. "Maana yake, mimi nipo hapa."

"Basi andika hivyo."

"Lakini pia maana yake, je, nyinyi mpo? Tena, je, mnanitaka?"

"Hayo ni mambo matatu," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Kwa Kiingereza mtu akifika nyumbani kwa watu hugonga mlango. Andika, nikagonga mlango. Itasomeka vizuri."

Nikaandika. Na kweli ilisomeka vizuri! Sentensi iliteleza kama samaki mkononi. Wiki iliyofuata mwalimu aliisoma mbele ya wote iwe mfano wa sentensi safi, na mimi pale sakafuni nilijiona tayari nimeketi kwenye kiti.

Jioni ile yule wa Waa alikuwa ananingoja bwenini, amejilaza, miguu juu ya ukuta.

"Wewe mwana wa Bodo, nina swali. Uligonga nini?"

"Mlango."

"Mlango gani, sheikh? Mchana mlango wenu si uko wazi, pana pazia la kanga tu? Uligonga kanga? Ililia ngo, ngo, ngo?"

Walicheka mpaka kiranja akaja. Nilicheka nao, lakini neno lile lilinikaa kama mchanga ndani ya kiatu. Sentensi yangu iliyosifiwa ilikuwa ya uongo. Sikuweza kuirudisha kama ilivyokuwa, maana ningekosa kiti. Sikuweza kuiacha, maana kila nilipoisoma nilimsikia mtu mwingine akifika kwa mama yangu, mtu mwenye viatu. Niliamka, nikalala, nikaamka. Hatimaye nikapata dawa ambayo mvulana wa umri wangu tu ndiye angeiona ni dawa. Likizo fupi ilikuwa inakaribia. Ningekwenda nyumbani, nikagonge, sentensi iwe kweli.

Nilishuka Ukunda juu ya lori la nazi, nikapata basi mpaka Msambweni, kilichobaki nikakitembea haraka kama niliyeitwa. Nilifika alasiri. Pazia lilikuwa limeshushwa, kanga ya mama iliyochakaa, na ndani nilisikia mbuzi ikifanya kazi: mama alikuwa anakuna nazi, kwaru, kwaru, mlio ambao ningeutambua hata nikiwa nchi ya mbali. Mlango ulikuwa na mwimo wa boriti ya mkoko. Nikakunja ngumi, nikaugonga mara tatu kwa vifundo vya vidole, kama mabwana wa vitabuni.

Mbuzi ikanyamaza.

Nilingojea aulize nani. Hakuuliza. Nikagonga tena. Nikasikia kitu kikiwekwa chini taratibu sana, kifuu au bakuli, halafu sauti ya mama, haisemi na mimi: "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun."

Pazia likafunguka. Alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni, ya pili ameitupa kichwani, na macho yake yalikuwa chini, kwenye miguu yangu. Uso wangu hakuutazama.

"Sema upesi," alisema. "Ni mwanangu?"

"Mama, ni mimi. Shikamoo."

Hakuitikia marahaba. Aliinua macho, akanishika mashavu kwa mikono miwili iliyojaa chembe za nazi, akanibonyeza kana kwamba anapima embe, kisha akanipiga begani kofi ambalo lilimshtua hata kuku.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mwalimu."

"Huyo mwalimu wako kafiwa na nani?"

Kutoka upande wa pili wa ua jirani akapaza sauti, "Dada, kuna nini huko?"

"Hakuna kitu! Mwanangu amerudi na Uzungu."

"Umwoshe!" alijibu jirani.

Mama aliketi kizingitini, nami nikachuchumaa mbele yake. Aliifuta mikono kwenye kanga. Ndipo aliponieleza jambo ambalo nilikuwa mdogo mno kulijua. Kijijini kwetu mtu aliyebeba habari ya kifo haiti hodi. Akiita hodi, mwenye nyumba atajibu karibu, na itakuwa ameukaribisha msiba kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo mleta habari hugonga mwimo wa mlango, akanyamaza, akangoja mtu atoke.

"Baba yako alipoanguka mnazini," mama alisema, "alikuja mkwezi mwenzake. Aligonga hapo ulipogonga wewe. Mara tatu. Nami nilikuwa nakuna nazi."

Maneno yangu yote, makubwa na madogo, yalikuwa Kwale.

Mama akainuka. "Haya, inuka. Rudi kule njiani, kwenye mnazi ulioinama. Uje kama mtoto wa watu."

"Mama, si umekwisha kuniona?"

"Sijakuona. Nimemwona mgongaji. Nenda."

Nikarudi mpaka kwenye mnazi ulioinama, na begi langu, mvulana wa mwaka wa mwisho, watoto wa jirani wakinitazama kwa furaha kubwa. Nikaja upya. Pazia lilikuwa limeshushwa tena.

"Hodi."

Kimya. Alikuwa hapo hapo nyuma ya kanga, nilikuwa nauona ukingo wa mguu wake, lakini kimya. Kuku alipita. Niliona pindo la pazia lilivyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Hodi!"

Kimya. Sasa nilianza kusikia harufu ya nazi, na moshi, na nikajua kwamba ndani mna samaki. Nikaona pale kwenye mwimo alama ya vifundo vyangu, maana boriti ilikuwa na vumbi la chokaa. Nikafikiri, itakuwaje asipojibu? Nikajikuta namwomba, mimi mwanawe, kwa neno lile lile ambalo ningemwomba nalo mgeni.

"Hodi, mama."

"Karibu," alisema. "Karibu mwanangu, pita ndani."

Baadaye, tukila, nilimuuliza: na mtu asipojibiwa hodi ya tatu?

"Anakwenda zake. Wala hanuni. Mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza."

Nilirudi Kwale nikaichana insha. Niliandika mpya kwa siku mbili, wakati wa chakula, wakati wa mpira, nikisimama na kuketi. Ilikuwa na kurasa nne, na mbili kati yake hazikuwa na tendo lolote ila mtu amesimama nje ya pazia, anangoja. Hodi niliiandika mara tatu, kwa herufi zake, bila kuieleza, na mwishoni nikaweka jibu la mama kwamba asiyejibiwa huenda zake. Niliikabidhi, na baada ya hapo kwa siku tano sikumaliza sahani hata moja.

Siku ya sita orodha ikabandikwa. Majina sita. Niliyasoma kwenda chini, nikayasoma kwenda juu. Yule wa Waa alikuwamo, wa nne. Alisimama karibu yangu na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitafuta neno akalikosa. "Pole, mwana wa Bodo," alisema mwishowe, na pole yake ikaniuma kuliko mizaha yake yote.

Miguu ilianza kwenda kabla sijaiamuru. Nyumba ya mwalimu ilikuwa juu kidogo, nyuma ya mikorosho, yenye baraza ya saruji na mlango uliofungwa, mlango kweli, wa mbao, wenye pete ya shaba ya kugongea. Sikujua nitamwambia nini. Nilitaka tu aniambie kwa kinywa chake. Nikaishika ile pete. Ilikuwa ya moto kwa jua. Nikaiachia.

"Hodi," nilisema.

Ndani nilisikia kiti kikisogezwa, basi.

"Hodi!"

Hatua zikaja. Zikasimama nyuma ya mlango. Nilimsikia anapumua, naye bila shaka alinisikia. Mlango haukufunguka. Nilikuwa na moja tu iliyobaki, na nilijua kwamba nikiisema na asijibu nitalazimika kuondoka, na nikiondoka nitakuwa nimeondoka katika mambo yote.

"Hodi," nilisema mara ya tatu.

Nikangoja kadiri ya adabu. Nikageuka. Nilikuwa nimeshuka ngazi moja ya baraza mlango ulipofunguka.

"Karibu," alisema mwalimu, akilivuta lile neno mahali pasipovutwa. Insha yangu ilikuwa mkononi mwake. "Nilitaka kuona kama kweli utaondoka."

"Ndiyo desturi, mwalimu."

"Nimeisoma. Ukurasa wa tatu." Aliendelea kwa Kiingereza, akizipekua kurasa kana kwamba bado anatafuta kitu. "Sikukuweka kwenye orodha kwa sababu sikujua nikupe alama gani. Makosa ya sarufi yamejaa. Lakini kalamu nilipoifikisha kwenye hili neno, sikuweza kulikata. Nimejaribu leo asubuhi tena."

Akazikunja kurasa. Nami nikangoja, nilikuwa nimejifunza.

"Viti ni sita," alisema. "Siwezi kumwondoa mtu, na sakafuni sitaki mtu tena. Ukipata cha kukalia, njoo kesho."

Shule ile haikuwa na kiti cha ziada. Nilizunguka mabweni, stoo, mpaka msikitini. Mwisho niliingia jikoni, nikamwamkia mpishi, nikamweleza.

"Nina hii tu," alisema, akanisukumia mbuzi ya kukunia nazi kwa mguu. "Lakini mimi nitakunia nini?"

"Nitairudisha kila siku kabla hujaanza wali, mzee."

"Ukichelewa, mtakula wali mkavu, na nitawaambia wote ni wewe."

Siku iliyofuata nilivuka uwanja na mbuzi kwapani. Waliokwisha kuketi kwenye viti walinitazama nikiikunjua mlangoni.

"Jamani, nafasi!" alisema yule wa Waa, akivuta kiti chake kando, uso umejaa furaha. "Leo tutakula Kiingereza cha nazi."

Nikaketi. Ulimi wa chuma ulitokeza mbele, katikati ya magoti yangu, una chembe za nazi ya jana, nikaliweka daftari pembeni yake kwa uangalifu lisichanike.