Jina la Tatu

Pale makumbusho walimwita Bi Mwandiko, maana herufi zake zilinyooka kama za chapa. Miaka ishirini na sita alikaa chumba cha nyuma, puani harufu ya dawa ya nondo, akiandika vibandiko vya ndege waliokaushwa na kuvifunga miguuni mwao kwa uzi.

Kazi hiyo alitafutiwa na kaka yake, mtega ndege wa makumbusho. Siku moja kaka mtu akitega nyavu mlimani aliteleza gengeni, akaletwa nyumbani ndani ya turubai. Profesa aliyeongoza idara ya ndege enzi zile alifika msibani.

"Mama," alimwambia mzazi, "ndege aliowatega mwanao wana vifua vyeusi kuliko wenzao wa bondeni. Ni nususpishi mpya, yaani tawi jipya ndani ya spishi ileile. Nitaipa jina lake."

Basi ndege wa mlimani wakawa na majina matatu: mawili ya ukoo na spishi, la tatu la marehemu, limevishwa mkia wa Kilatini. Mama, asiyejua kusoma, alilikariri lote. "Mwanangu hakuzaa," alizoea kusema, "lakini ana wanaoitwa kwa jina lake."

Mwaka huu mkuu mpya wa idara alimwekea Bi Mwandiko orodha mezani.

"Dada, hawa tumewapima vinasaba. Hawana tofauti na wa bondeni, weusi ule si kitu. Nususpishi imefutwa. Andika vibandiko vipya, majina mawili tu."

"Wote?"

"Wote kumi na tisa. Kwa mkono wako huo, saa sita mchana haitafika hujamaliza."

"Hili la tatu ni la kaka yangu. Alikufa akiwafuata."

Mkuu akavua miwani. "Pole sana, dada. Sikujua. Lakini vipimo ndivyo vilivyosema."

"Sasa kule juu alifuata nini?"

Mkuu akavaa miwani yake, akatoka taratibu.

Bi Mwandiko akaandika. Kibandiko cha saba kilimharibikia, akakichana. Jambo hilo halikuwa limemtokea tangu aanze kazi. Vya zamani havitupwi, kwa hiyo kila kipya alikifunga juu ya cha zamani, kikakifunika.

Jioni alimweleza mama yake, aliyekuwa kitandani mgonjwa.

"Nani kaandika hayo mapya?"

"Mimi, mama."

Mama akageukia ukutani. Miezi miwili baadaye alifariki. Katika siku hizo zote hakumlaumu bintiye kwa neno hata moja, wala hakumtaja tena mwanawe.