Kiu ya Gari la Baba Mdogo

Nilikuwa nikiusikia ule mluzi. Haya, nimesema. Nilikana mbele ya nyanya, nikakana mbele ya binamu zangu, nikakana hata chuo kikuu siku mhadhiri alipouliza kama kuna yeyote kati yetu aliyekulia katika boma lenye mizimu. Nilicheka kuliko darasa zima. Mimi sikusikia kitu, nilisema siku zote, ni upepo wa ziwani tu. Lakini sisi tumejuana siku nyingi, na majuzi nimesafiri kutoka Homa Bay hadi Migori nikifuata lori la mchanga lililobeba gari bovu. Mwanamke wa umri wangu akishafanya jambo kama hilo, heshima iliyobaki ya kulindwa si nyingi.

Gari lenyewe lilikuwa la baba mdogo, ndugu yake baba. Alikuwa mchuuzi wa samaki mwenye gari la spoti. Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Wenzake katika biashara walikuwa na pikapu, au baiskeli yenye kikapu nyuma. Yeye alikuwa na gari jekundu la milango miwili, lililoinama chini kama paka anayenyemelea kifaranga, aliloliacha mwenye duka mmoja wa Migori alipohamia ng'ambo. Baba mdogo alilijaza mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba, mikia ikichungulia kwenye buti, akaenda nalo sokoni amevaa miwani ya jua. Viti vya ngozi vilinuka samaki hivi kwamba paka wa nyanya ndio waliokuwa wa kwanza kutupokea langoni.

Sisi tuliishi Migori, ambako baba alikuwa mwalimu, na shule zikifungwa baba mdogo alitubeba hadi Homa Bay kwa nyanya. Huko ndiko utoto wangu ulikobaki. Asubuhi tulianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu na kufukuza ndege weupe waliokuja kuiba. Tulichota maji ziwani, tukasaga mtama, tukagombania kichwa cha samaki kwa sababu nyanya alisema anayekula macho huona mbali. (Nilikula macho mengi sana. Leo navaa miwani mizito.) Jioni visubi vya ziwani vilipanda angani kama moshi, na viboko wakakoroma kwenye matete kama wazee waliolala kanisani.

Tatizo la gari lile lilikuwa rejeta, kile kifua cha shaba kilicho mbele ya injini, kinachopoza maji yake. Ilivuja tangu siku ya kwanza. Kila lilipopanda kilima kabla ya Rongo lilichemka, likatoa mvuke, nasi tukashuka na madumu kutafuta kijito. Baba mdogo alijaribu kuziba tundu kwa kila dawa aliyoambiwa barabarani. Alitia ute wa yai, akatia pilipili manga, akatia kipande cha sabuni, na kwa wiki nzima gari likatembea likitoa povu kama mbwa mwenye kichaa.

Nyanya akatuambia tunahangaika bure. Chungu kikipata ufa, alisema, hupikiwa uji mzito wa muhogo, na ufa hujifunga wenyewe. Gari nalo lina maji na lina moto, basi ni chungu kama vyungu vingine. Baba mdogo hakuwahi kumkatalia mama yake jambo lolote. Akashika kifuniko, nyanya akamimina unga wa muhogo kwenye rejeta kwa kibuyu, tena kwa ukarimu, kama anayepikia wageni. Tulifika kilimani. Baba mdogo alipofungua kifuniko kwa kitambaa, uji ulipaa hewani, mweupe, wa moto, ukatiririka juu ya boneti nyekundu. Kina mama waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama.

"Omera, ndugu yangu," mmoja akamwita, "uji wako una sukari?"

Baba mdogo akachovya kidole, akaonja, akafikiri kidogo. "Bado haujaiva," akasema.

Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka: amesimama barabarani, uji kwenye kidole, hana haraka na dunia.

Alikuwa na mluzi wake. Sauti mbili, ya chini kisha ya juu, kama anayeuliza kama kuna mtu nyumbani. Aliupiga kila alipofika langoni, na wakati huohuo kifuniko cha rejeta, kilichokuwa kimechakaa mpira, kilipiga chake. Nyanya akiwa jikoni alisikiliza, akasema, "Wamefika wawili," akaongeza maji ya ugali.

Kisha siku moja alikuja akaliegesha gari kando ya ghala, pua ikitazama ziwa, likiwa limechemka. Akakitia kile kifuniko mfukoni, akisema mafundi wa mashua kule Remba watamkatia mpira mpya. Akamwambia nyanya, "Mama, likipoa litie maji. Nikirudi naondoka nalo moja kwa moja." Akaenda zake gatini. Mashua aliyoondoka nayo ilipatikana ikielea karibu na kisiwa cha Takawiri, nyavu zimekunjwa vizuri, bila mtu.

Unajua desturi yetu. Mtu akipotea majini asipatikane, wazee hutafuta yago, lile tunda refu linaloning'inia kama mkono wa mtu mzima, wakalizika mahali pake kwa heshima zote, ili awe na kaburi na wenye kulia wajue wanalilia wapi. Wazee walikuja na yago. Nyanya akawakuta langoni.

"Mtu aliyeniachia kazi hajafa," akawaambia. "Rudini na tunda lenu mkalishe ng'ombe."

Na jioni ile akatia maji kwenye gari. Kwa kuwa rejeta ilivuja, asubuhi ilikuwa tupu. Jioni akatia tena. Unaona mtego wenyewe? Kazi aliyoachiwa haikuwa na mwisho, na maadamu haikuwa na mwisho, mwanawe alikuwa bado yuko njiani. Nyanya alikuwa Msabato asiyewasha hata moto siku ya Jumamosi, lakini maji yale aliyateka Ijumaa na kuyamimina Sabato yenyewe. Mchungaji alipomuuliza, akamjibu kwamba hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku hiyo hutolewa, sembuse mwanawe mwenye kiu.

Mluzi ulianza baada ya hapo. Jua likiinama, maji yakiwa yametulia, tulisikia sauti mbili kutoka ndani ya chuma, ya chini kisha ya juu. Nyanya alisema, "Amekunywa." Kisha akatugeukia sisi watoto: "Mmesikia?" Binamu zangu wakapiga kelele kwamba wamesikia, kila mmoja akapata konzi ya njugu za kuchemsha. Nikaulizwa mimi. Nyuma ya nyanya alisimama mama mdogo, mke wa baba mdogo, msichana mdogo bado, mikono imefungwa kifuani, akinitazama mdomoni.

"Sijasikia kitu," nikasema. Nikakosa njugu. Nilizikosa likizo baada ya likizo.

Sikuwa mkaidi, rafiki yangu. Nilikuwa na hofu. Nyanya aliuchukua mluzi ule kuwa dalili kwamba mwanawe yu hai. Mimi nilijua, kama watoto wajuavyo, kwamba walio hai hawapigi mluzi kutoka ndani ya chuma. Kukiri kuusikia kulikuwa kumuua baba mdogo kwa mdomo wangu. Basi nikanyamaza, nikaenda kulala na njaa ya njugu, kichwa chini ya blanketi.

Nilipokwenda chuo nilirudi na maelezo. Nilimweka mama mdogo kwenye kigoda, nikapuliza mdomo wa chupa ya soda. Kifuniko hakipo, nikamfundisha, upepo wa ziwani unapita juu ya mdomo wa rejeta, na maji ya ndani ndiyo yanayopanga sauti. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Na chupa gani," akauliza, "inayojua mluzi wa mume wangu?"

Jibu la swali hilo hatukufundishwa chuoni. Kwenye shahada ya pili pia hawakulifundisha.

Nyanya alipofariki, kibuyu kikahamia mikononi mwa mama mdogo. Amezeeka nacho. Hakuwahi kuwa mjane, maana mumewe hakuzikwa, wala hakuwa mke, maana mumewe hakurudi. Mapema mwaka huu nilipomtembelea, alikuwa ametoka hospitali na amekonda. Alinikalisha palepale kwenye kigoda.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "nikifa watanilaza kando ya nani? Mke hulazwa kwa mumewe. Wangu hana kaburi."

Nikamwambia wazee bado wako, na miyago bado inazaa.

"Siwezi kumzika mtu anayepiga mluzi," akasema. Alitazama gari kwa muda mrefu. "Kiondoe hicho kifua chake. Weka kingine. Kama ni chuma kilichokuwa kikilia, hapa patanyamaza kikishaondoka, nami nitamzika. Kama ni yeye, atabaki hapa na kuita, nami nitaendelea kumnywesha hadi nife."

Basi ndivyo nilivyojikuta mwenye gari la spoti katika umri ambao kuingia ndani yake ni kazi, na kutoka ni muujiza. Fundi wangu, Mkuria wa Migori anayeongea bila kuvuta pumzi, alikuja bomani mara kadhaa kufufua injini. Iliyobaki ikawa rejeta, na kwa kazi hiyo alihitaji mashine yake ya kuchomelea iliyoko karakana yake Migori. Asubuhi ile tulipolipandisha gari kwenye lori, mama mdogo alisimama kando ya ghala na kibuyu mkononi. Ardhini palibaki umbo la gari, udongo mweusi usioota nyasi, na mbele yake duara la majani mabichi mahali maji yalipokuwa yakidondoka miaka yote. "Nitakupigia jioni," aliniambia.

Karakanani, fundi aliing'oa rejeta ya zamani kwa nyundo na matusi. Akaitikisa, magamba meupe yakamwagika. Kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kuacha jambo, akaipasua kwa msumeno na kuilaza wazi kama samaki aliyetayarishwa kukaangwa. Ndani ya mirija ya shaba kulikuwa na ukoko mgumu.

"Madam, humu mlikuwa mnapika nini?"

"Uji wa muhogo."

"Nyinyi Wajaluo!" Akacheka hadi akakalia tairi. "Gari la mzungu mnalilisha uji! Ndiyo maana limekataa kufa."

Nilichukua kipande cha ule ukoko, nikakinusa. Sijui nilitarajia nini. Hakikunuka chochote.

Rejeta mpya ilikuwa ya alumini, nyepesi kama sinia, nene kuliko ile ya zamani, na feni yake ya umeme. Haikukaa vizuri, kwa hiyo fundi alichomelea vyuma viwili vya kuishikilia, akabadilisha mipira ya maji, akajaza maji, akafunga kifuniko kipya kwa kiganja. Injini ikanguruma hadi mafusho yakajaa uani. Mshale wa joto ulipanda katikati, ukakaa hapo kama mgeni mwenye adabu. "Hii haina kiu," fundi akasema. "Panda nayo mlima wowote." Akaizima, akaenda kibandani kunywa chai.

Nilibaki peke yangu na lile gari jekundu. Nilifikiria kilima cha Rongo, ambako sasa barabara ni laini na hakuna gari linalosimama kuomba maji. Kina mama wa sokoni wale watakuwa wamelala makaburini mwao. Jiko la nyanya lilianguka, paka wake hawakuacha hata kizazi, na omena siku hizi huja kwenye mfuko wa plastiki. Kilichobaki cha likizo zile ni watu wawili, mimi na mama mdogo, na mmoja wetu alikuwa amekaa kando ya ghala akisubiri kujua atalazwa wapi. Jua lilikuwa likiinama. Injini ilikwisha kupoa. Ng'ambo ya ua, moshi wa jiko la muuza chipsi ulipanda wima, haukuyumba hata kidogo.

Simu ikalia.

"Nyathina. Nimekaa hapa tangu jua liko juu. Nimemwaga maji palepale, kwa mazoea tu." Nilisikia viboko kwa mbali, na pumzi yake. "Hakuna kitu. Pamenyamaza."

"Nimesikia, mama."

"Na huko je? Unasikia chochote?"

Rejeta ya zamani ilikuwa imelala kwenye vumbi, imepasuliwa vipande viwili. Nyuma yangu, chini ya boneti nyekundu iliyofungwa, ukaja mluzi. Sauti ya chini, kisha ya juu. Kama anayeuliza kama kuna mtu nyumbani.

"Sijasikia kitu, mama," nikasema.

Nikasikia kibuyu kikigusa ardhi. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshusha mtungi kichwani.

"Wale wengine wote walikuwa wakidai wamesikia, ili wapewe njugu. Ni wewe peke yako ambaye hukuwahi kunidanganya." Akajipangusa pua. "Basi kilikuwa chuma. Waambie wazee watafute yago. Liwe refu, nyathina. Alikuwa mtu mrefu."