Landrova Niliyopewa Nikamue

Kaka yangu alikuwa amenichagulia gari kabla hata sijapata leseni. Lilikuwa jeupe, dogo, la kutoka Japani, limeegeshwa kwenye yadi moja hapa Garissa, viti vyake bado vimevalishwa nailoni. Alinipeleka kuliona baada ya swala ya Ijumaa, akalizunguka akilipapasa kama mtu aliyekuja kuposa.

"Hii ndio gari ya msichana, sis," akaniambia. "Haili mafuta, spea ziko kila kona, AC iko poa. Unataka nini ingine?"

Nilichotaka kilikuwa kigumu kumweleza. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari kule Bura, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mshahara. Kila kitu nilichowahi kutumia kilikuwa cha mtu mwingine: kitanda cha mama, simu aliyoichoka kaka, mabuibui ya binamu. Nilitaka kitu changu. Na kaka yangu nilimjua vizuri. Gari lile jeupe lingekuwa langu kwa jina tu. Mimi ningekuwa Bura nikisahihisha insha, nalo lingekuwa mjini likizungusha rafiki zake na miraa yao.

Tena, ukweli usemwe, kichwani mwangu gari lilikuwa moja tu duniani. Ilikuwa landrova ya zamani, ya rangi ya majani yaliyokauka, mali ya mzee mmoja wa ukoo aliyeishi nje kidogo ya Hagadera. Alikuwa baba mdogo wa mama yangu, na kwetu huyo ni babu kamili, awowe. Babu na mjukuu huitana kwa neno lilo hilo, kwa hiyo mimi nilimwita awowe naye akaniita awowe, na mgeni akitusikia angedhani tunaigizana.

Landrova hiyo ndiyo iliyonipeleka shule ya bweni nikiwa mdogo. Nilikaa nyuma juu ya gunia la sukari, pembeni ya mbuzi asiyetulia, nikalia kutoka nyumbani mpaka daraja la Tana. Hapo mzee akasimamisha gari, akanitoa kule nyuma, akaniketisha mbele na kunishikisha ile gia fupi yenye kirungu chekundu. "Shika hii, awowe. Ukiachilia tu, gari naanguka mtoni." Nikaishikilia kwa nguvu zangu zote hadi ng'ambo, nikasahau kulia. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba gia ile haikuwa na kazi yoyote barabarani. Gari lilinuka petroli, mbuzi, na maziwa ya ngamia yaliyotiwa moshi. Hata sasa nikikutana na harufu hizo tatu mahali pamoja, moyo wangu unalainika.

Basi likizo ya kwanza nikafunga safari kwenda Hagadera na akiba yangu, nikanunue landrova. Kaka alinisindikiza ili aje ashuhudie upumbavu.

Tulimkuta mzee amekaa kivulini ukutani, ndevu zimepakwa hina mbichi, redio sikioni ikitangaza mpira. Hakuwa mpole hata kidogo. Aliwafokea mbuzi, mikokoteni ya punda iliyopita njiani, marefa wa Ulaya. Ujanani alikuwa akiswaga ng'ombe wa biashara mpaka Nairobi, huko akaokota Kiswahili, na tangu aliposikia nimekuwa mwalimu wa lugha hiyo alikataa kabisa kusema nami Kisomali. Mimi P yake ikigeuka B na V ikigeuka F nilikuwa nikiuma ulimi nisimsahihishe. Alijua, na ndiyo maana akaendelea.

Landrova ilisimama nyuma ya nyumba. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva.

"Niuzie, awowe," nikasema.

"Hii gari mimi habana uza."

"Lakini huiendeshi siku hizi."

"Wewe kwani naona mtu nauza ngamia yake ya maziwa?" Akazima redio, jambo ambalo hakulifanya ila kwa mazishi. "Mimi nakuba. Beleka Bura, kamua."

Kaka akaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilielewa. Kwetu, mwenye ngamia humpa jamaa yake aliyepungukiwa ngamia mwenye maziwa. Jamaa anamchunga, anamkamua, watoto wake wanakunywa na kushiba. Lakini ngamia si wake. Siku mwenyewe akimhitaji, au akimwona mwingine mwenye njaa zaidi, atamchukua, na hakuna cha kulalamika. Hapaandikwi kitu na hapatolewi senti. Nilikuwa nimesikia habari hiyo kwa mifugo tangu nizaliwe. Kwa gari sikuwahi.

"Kwa hiyo umeazimwa mkebe," kaka alisema tukirudi. "Na siku yoyote unanyang'anywa. Si afadhali ile nyeupe?"

Nilimjibu kwamba mzee ameshazeeka, nikikaa nalo miaka kadhaa litakuwa langu tu, nani atakuja kulidai? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

Leseni niliisomea kwa gari lenye usukani mwepesi wa kuzungushwa kwa kidole. Landrova ilinifundisha upya. Usukani wake ulihitaji mabega. Klachi ilikanyagwa mara mbili kabla ya gia kukubali kuingia, na ukiikosea ilitoa mlio ambao Bura nzima iliusikia na kunicheka. Breki uzipampu mapema, ukiwa bado unamwona twiga mbali. Asubuhi uivutie choki kiasi, na kiasi chenyewe hakuna aliyeweza kunieleza. Nilikijua kwa sikio baada ya kuipaliza petroli mara nyingi na kubaki nikitukana. Betri ikifa palikuwa na hendeli ya kuzungusha kwa mbele, na mwalimu wa kike aliyekunja mikono ya buibui akizungusha hendeli mbele ya wanafunzi wake ni kitu walichokipenda kuliko ushairi.

Barabara ya kwenda Garissa ilikuwa bado ya vumbi, na mvua ikinyesha udongo mweusi ulishika magurudumu ukayakatalia. Magari ya aina ya lile dogo jeupe nilikuwa nikiyaona yamekwama kando, viti na nailoni yake yote, nami nikiyapita polepole nikipiga honi, Mungu anisamehe. Miiba ya mathenge ndiyo iliyoninyenyekeza. Ilitoboa tairi bila kuchagua gari la nani.

Wanawake wauza maziwa waliliongoja gari lile alfajiri za Jumamosi, mitungi yao imepangwa mstari. Walipanda wakiimba, wakashuka sokoni wakinibariki, na njia nzima waliniuliza nitaolewa lini. Askari wa kizuizi cha barabarani alizoea kulizunguka akitikisa kichwa: "Mwalimu, hii gari ni rika ya baba yangu. Hebu pita, usije ukaizima hapa nikusukume." Nilikuwa na furaha. Naisema hivyo hivyo bila kuipamba, kwa sababu wakati ule sikujua kwamba ile ndiyo furaha; nilidhani ni usumbufu.

Kila likizo nililipeleka Hagadera likaguliwe. Mzee alilizunguka akilipiga mateke ya kirafiki, akavuta kijiti cha oili akakinusa. "Nakula fizuri? Nakunywa? Usiku nakohoa?" Nilimjibu kila swali kwa heshima. Nilimwachia sukari na majani ya chai, naye aliniachia maziwa, kisha nikaondoka na kumwona kwenye kioo amesimama njiani hadi vumbi limfunike.

Miaka ikapita namna hiyo. Nikalipaka rangi mpya, nikalishonea viti, nikalibadilishia rejeta na giaboksi. Nikaanza kusema "gari langu", kwanza kwa wageni, halafu kwa kila mtu.

Siku aliyokuja Bura ilikuwa mchana wa jua kali. Nilitoka shuleni nikamkuta mlangoni pa nyumba yangu ya ualimu, mkongojo mkononi, na kando yake msichana mwenye begi dogo. Niliwatengenezea chai. Msichana alikuwa muuguzi, binti wa mtu aliyefanya biashara na mzee zamani, amepangiwa zahanati huko ndani upande wa Hulugho. Zahanati haikuwa na gari. Wajawazito walioshikwa na uchungu walibebwa kwa pikipiki, dereva mbele na mtu mwingine nyuma wa kuwashikilia.

Nilijua kabla mzee hajafungua mdomo.

"Awowe," akasema, "nimekuja chukua ngamia."

Nilimfokea. Mzee wa watu, mgeni wangu, chai yangu ikiwa mkononi mwake. Nilimwambia giaboksi ni yangu, rejeta ni yangu, hata rangi ile anayoitazama ni jasho langu. Nilimwambia alinipa gari kuku wametaga ndani, asilione leo linang'aa ndipo akumbuke kuwa ni lake. Msichana alitazama sakafu. Mzee alikunywa chai yake taratibu mpaka nikaishiwa maneno.

"Maziwa ulikunywa?" akauliza.

"Nilikunywa."

"Basi ile giaboksi ilikuwa majani yake. Wewe kwani mtu nakamua bila kulisha?" Akaweka kikombe chini. "Wewe sasa iko na mshahara, awowe. Gari naweza nunua. Wewe nashiba. Huyu habana."

Hasira ikanizidi. Nilichukua ufunguo nikatoka nje.

Tulishinda alasiri ile uwanjani, mimi na yule muuguzi. Nilianza kumfundisha kwa ukali, nikitumaini atashindwa. Alilizima mara ya kwanza, ya pili, akaipaliza petroli, gia ikapiga yowe majirani wakatoka. Hakulia wala hakuomba msamaha. Alifuta mikono kwenye mtandio akajaribu tena, na nilipomwona ameinamisha kichwa kuisikiliza choki, ukali ukaniisha bila ruhusa yangu. Nikajikuta namweleza kila kitu: kwamba linapenda gia ya pili mchangani, kwamba mlango wa kushoto hufungwa kwa goti, kwamba likichemka uliache lenyewe, usilimwagie maji kwa pupa. Sijui ni lini nilikuwa nimeyajifunza yote hayo. Nilikuwa kama mama anayekabidhi mtoto kwa mama wa kambo, na machozi yalinitoka nikasingizia vumbi.

Jua lilipopoa, msichana akamwaga mzee, akanishika mkono, akapanda. Landrova ikaruka, ikasita, ikashika njia ya Hulugho. Vijana wa kibanda cha chai njiani waliinua mikono kuisalimu kama walivyozoea, na sikuwa mimi ndani. Tulisikia injini muda mrefu baada ya vichaka vya mathenge kulificha gari.

Nikageuka nirudi ndani nikalie vizuri. Mzee hakunifuata. Alitembea kwa mkongojo hadi ukingo wa barabara kuu, akatandika kikoi chake juu ya jiwe, akakaa akiutazama upande wa Garissa.

Nikamwendea. "Awowe, unafanya nini hapo? Utarudije nyumbani?"

"Kama nilikuja."

"Ulikuja na nini?"

"Lori ya kuni mbaka Garissa. Nikalala musikiti. Asubuhi lori ya mbuzi mbaka Bura."

Nilimtazama vumbi kwenye ndevu, viatu vilivyoshonwa kwa uzi wa gunia. Nikaanza kukumbuka mambo. Harusi ya binamu Garissa, alipofika jioni watu wameshakula. Mazishi ya shangazi, tulipomzika bila kumngoja mzee. Miezi aliyougua jicho akienda na kurudi hospitali ya mkoa. Kote huko alifika kivyake, amechelewa, au hakufika, na mimi nilikuja kwa landrova, nikaegesha, nikaondoka.

"Na miaka yote hii," nikamwuliza, "ulikuwa unasafiri vipi?"

Aligeuka akanitazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa kitu ambacho hata mtoto anakijua.

"Awowe," akasema, "gari si ilikuwa na wewe?"

Aliyasema bila lawama hata chembe, na ndiyo maana yalinikata maini. Nilikaa chini mchangani, mgongo wangu kwenye lile jiwe, nikashika ncha ya mkongojo wake. Tulikaa hivyo mpaka tukaona vumbi likija kutoka kusini. Lilikuwa lori limejaa mbuzi hadi juu ya kingo. Dereva hakuonyesha dalili ya kupunguza mwendo. Nikainuka, nikavua mtandio wangu wa juu, nikasimama katikati ya barabara na kuupunga.