Amri ya Kule Mtoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wilaya pale Tororo, karani mkuu alinionya: mkalimani hapunguzi wala haongezi. Hata mtu akidanganya, utautafsiri uongo wake kama ulivyo, kisha utatia sahihi chini ya ukurasa kwamba ndivyo alivyosema.

Vita vya Burma vilikuwa vimekwisha. Nilipangiwa kufuatana na Kapteni mmoja mstaafu aliyeandika historia ya kikosi cha askari wetu, ingawa yeye mwenyewe alipigana kwingine. Huko Lunyo tulimkuta Koplo Wandera. Alieleza kwamba walipofika mtoni ofisa wao aliuawa, sajini akatoa amri ya kurudi nyuma, nao wakarudi kwa utaratibu, majeruhi mabegani. Baadaye, huko Mella, askari mwenzake Opio alisema, "Hapana amri. Sisi nakimbia tu."

Kapteni alifurahi. "Hiyo ndiyo kweli. Futa ya Wandera."

"Sifuti, Bwana. Tuwakutanishe."

Alinung'unika, lakini akakubali. Walikutana kwenye baraza ya ofisi, wakakumbatiana, kisha wakaanza kugombana.

"Sajini alipaza sauti, 'Rudini!' Wewe ulikuwa wapi?" Wandera alifoka.

"Mimi iko na bombomu." Ndiyo ile bunduki kubwa ya risasi mfululizo. "Masikio nakufa. Mimi naona nyinyi narudi, mimi nakimbia."

"Basi kubali amri ilitoka!"

Opio akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, mimi hapana sikia. Namna gani nitasema nasikia?"

Nilitafsiri yote. Kapteni akaandika neno moja tu, kwamba walikimbia, akanisogezea ukurasa nitie sahihi. Nikaweka kalamu chini.

"Utaondoka ofisi hii, Juma."

"Nitaondoka, Bwana."

Nikahamishiwa Busia, kuwatafsiria wafanyabiashara mpakani, nikabaki huko hadi nilipostaafu. Kitabu kilipotoka, mto ule haukutajwa kabisa. Wandera alisema, "Afadhali, kuliko kuitwa waoga." Opio yeye alikasirika: "Watu nakufa pale!"

Leo vijana hunijia wakitaka niwaambie ni nani aliyesema kweli. Nawasimulia kauli zote mbili, na sitaacha hata moja maadamu nina pumzi. Wandera na Opio walikuwa mtoni. Kapteni hakuwapo.