Ndagala zilizonyeshewa

Depo tatu za ndagala, dagaa wa ziwani, pale Kimanga ni zangu, na shule niliachia darasa la nne. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini leo asubuhi nimefungua gunia lililolowa mvua, na harufu yake ikanirudisha utotoni.

Siku ile kocha wa timu ya taifa ya wanawake alikuja kutazama wasichana wetu. Mama alikuwa sokoni. Dada yangu, mfungaji ambaye hata makipa wa kiume walimwogopa, ndiye aliyeachiwa ndagala zilizoanikwa mchangani.

"Weye baki hapa," aliniambia, akifunga viatu kwa uzi wa nyavu. "Mvua ikija, kusanya. Minye niko naenda kufunga tatu."

Alifunga mbili. Niliposikia kelele niliacha ndagala, nikakimbilia uwanjani kujisifu: "Ule ni dada yangu!" Sikuona wingu likishuka milimani. Mvua ikamwagika.

Mama akaingia katikati ya uwanja, kitenge chake kimejaa ndagala zilizolowa. "Nani ameacha samaki?"

Dada alinitazama. "Ni minye, mama."

Mama akamvuta mkono mpaka nyumbani. Kocha aliondoka na msichana mwingine.

Siku hizi dada ni mfanyakazi wangu, ananichagulia ndagala kwenye depo. Leo aliinama juu ya lile gunia, akanusa.

"Zianike upesi, patron," alisema. "Na usiondoke."

Nilizimwaga kwenye turubai, nikapiga magoti, nikazigeuza kwa mikono yangu mpaka zikakauka.