Chaji Iliyobaki Kongwa

Binti yetu wa kwanza alishikwa na uchungu wa kujifungua Dodoma mjini wakati mimi na mke wangu tuko Kongwa, kwenye msiba wa baba yangu mdogo. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na mwenye duka la sola anayechajia watu simu alikuwa msibani kama sisi. Duka kalifunga kwa heshima.

Simu yangu ilikuwa imeshazima. Nilikuwa nimeitunza kisomi: kila mara naiwasha kioo, nafuta programu zote kwa kidole, najiona nimefanya kazi. Zinarudi zenyewe, nazifuta tena.

"Umeiua kwa kuihudumia," mke wangu aliniambia.

Tatizo lilikuwa mkwe wetu. Amelelewa vizuri mno. Hampigii mama mkwe simu. Habari zote hupitia kwangu. Basi mke wangu akaichomoa laini yangu, akaipachika kwenye simu yake, ambayo nayo ilikuwa na asilimia tisa tu. Akaketi mkekani, akaingia kwenye mipangilio ya betri, akazipitia programu moja moja kama anachambua mchele. Hakuzifunga tu, alizinyima ruhusa ya kufanya kazi chinichini wakati yeye hazitazami. Ramani, picha, magazeti, hata ile ya kwaya. Data akazima. Akaiacha simu iwe simu, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kila nilipoomba niichungulie, alinitazama kama mtu anayetaka kufunua sufuria ya wali kabla haujaiva.

Alasiri ikaita. Mkwe akaniamkia, akatoa pole ya msiba, akauliza safari, kisha hali ya wazee, kila mmoja kwa nafasi yake. Nikawa namjibu, maana na mimi nimelelewa. Mke wangu akanipokonya simu.

"Mwanangu, salamu zimefika. Mwenzio yukoje?"

Mkwe hakuwahi kuisikia sauti hiyo simuni. Kisha akasema mama na mtoto ni wazima, wa kike.

"Haya, mpe simu."

Mimi nilikuwa nimepigia hesabu chaji ya habari. Yeye aliweka ya maongezi. Binti yetu alisimulia, akalia, akacheka, mama yake akiitikia tu, "Ehe, mama. Ehe," mpaka simu ikazima katikati ya neno.

Hakuitazama hata. Aliirudisha pindoni, akaenda kuwasaidia wenzake kupakua chakula.