Aliyeonja Kwanza

Riwaya yangu ilikuwa na wasimulizi wanne na muuaji mmoja, na muuaji huyo ukoo mzima tulishakubaliana ni nani. Kaka mkubwa wa babu, mnunuzi wa kahawa huko Vuhovi wakati wa Wabelgiji, alikufa siku ileile aliyokunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, aliyoletewa na mke wake kijana. Babu ndiye aliyesema kwanza kwamba ni sumu. Mke akafukuzwa, akaishia Beni, na mpaka leo wajukuu wake hawakanyagi matanga yetu.

Nilijiona fundi kwelikweli. Niliwatafuta wazee wanne walioipokea habari hiyo kutoka kwa walioshuhudia, nikampa kila mmoja sura yake.

Shangazi yangu, kitinda mimba wa babu, anaishi nasi Butembo tangu alipokimbia vita huko Mbau. Macho yake hayasomi tena, basi Jumapili moja baada ya misa nilimsomea huku akichambua maharage. Nilisoma kwa madaha, nikibadilisha sauti. Nikafika pale mke anapomimina, mume anapokea, anakunywa. Shangazi akanikatiza, akataka nirudie. Nikarudia.

"Mwanamuke hakuonjaka mbele?"

Nikacheka. Bila shaka alionja, wazee wote wanne walisema hivyo. Kwetu anayekuletea pombe huinywa kwanza mbele ya macho yako, na nani hapa asiyejua hilo? Lile funda moja nililiondoa kwa sababu lilinichelewesha kufika kwenye kifo.

"Donc alikunywa," akasema. "Juu ya nini yeye hakukufa?"

Nilishtuka mpaka karatasi zikanitoka mikononi. Miaka yote hiyo tulikuwa tunasimulia kwa vinywa vyetu wenyewe kwamba mwanamke yule hana kosa, halafu palepale tunamwita muuaji. Nikapandwa na hasira. Kama si pombe, basi marehemu alikula wapi? Nikaokota karatasi, nikapekua. Jibu lilikuwemo katika sura zote nne, na nililiandika mimi mwenyewe bila kuliona: mchana ule alipita kula kwa mdogo wake. Kwa babu. Babu aliyerithi shamba la kahawa la kaka yake, lililonisomesha mimi.

Nikamtazama shangazi. Huyu tunayemzungumzia ni baba yake mzazi, na picha yake imetundikwa juu ya kitanda chake pamoja na rozari. Nikamwambia polepole kwamba riwaya naweza kuiacha, hakuna anayeidai.

Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya ungo.

"Papa hakukulaka kitu yenye mama hajaonja mbele," akasema. "Kila siku, mpaka kufa kwake. Sisi batoto tulisemaka ni mapendo."

Kisha akaniuliza kama ninajua wale wa Beni wanakaa mtaa gani.